Vitanda Vilivyochomwa Bwera

Watu wakiniuliza kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu amekaa maisha yote akisomea kunguni, mende na mchwa wa majumbani, huwa nawajibu kwa adabu. Nasema miji inakua, watu wanabanana, na wadudu wanafuata watu. Hayo ni majibu ya mkutanoni. Ukweli ni kwamba palikuwa na mwanamume mmoja Bwera niliyetaka kumwona akifedheheka mbele za watu, na chuo kikuu ndiyo njia pekee niliyoiona ikiwa wazi.

Mama yangu alivuka mpaka wa Kongo na Uganda kutoka upande wa Beni akiwa amenibeba mgongoni, mjane, bila ndugu upande huu. Alikodi nyumba katika safu ya nyumba zilizoshikana karibu na soko la Bwera, akaweka vitanda, akaanza kulaza wafanyabiashara kutoka Butembo waliokuja na mawese na vitenge. Vita vya Kongo vilipopamba moto katika miaka ya sitini, wakimbizi nao wakaja, na nyumba ikajaa hadi barazani. Vitanda vile ndivyo vilivyonisomesha sekondari. Hatukuwa na shamba wala ng'ombe.

Mama alikuwa na sheria zake, na hakuna aliyezipinga akalala ndani. Nyuma ya nyumba palikuwa na mawe meusi mapana. Kila mgeni alitandaza mzigo wake wote juu ya yale mawe wakati jua linawaka kweli kweli, nguo, blanketi, mpaka kofia, na Mama akasimama hapo anageuza kimoja kimoja kwa kijiti. Mgeni aliyefika jioni aliacha mzigo nje mpaka kesho yake. Kila Jumamosi vitanda vilitolewa uani na maungio yake yakamwagiwa maji ya moto. Wageni walinung'unika. "Mama, hii ni hoteli ao ni polisi?" mmoja alimuuliza. Mama akamjibu, "Ni hoteli. Polisi iko pale chini, kama unataka kulala na chawa wako." Wakacheka, wakatandaza.

Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi fundi cherehani, Mkonzo mwenyeji wa pale pale, mtu mpole mwenye watoto wengi. Alimwita Mama "dada". Jioni alikuja kukaa mlangoni kwetu, wakanywa chai na kusengenya soko zima. Sare zangu zote za shule alizishona yeye.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo wakati bwana afya alipokuja na watu wake kupuliza DDT ya mbu. Nakwambia, mtu yule alijipenda. Kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, soksi hadi magotini, filimbi shingoni. Watu wake walibeba mabomba mgongoni na yeye akatembea mbele akipuliza filimbi kila mlangoni, mnatoa vyombo, wanaingia, wananyunyiza kuta. Walianza mwanzo wa safu, wakafika kwa fundi. Walipofika kwetu alisimama, akaangalia wageni waliokaa barazani.

"Hii ni ya Wakongomani," alisema. "Waende wakapuliziwe kwao."

Mama alimwomba. Alisema yeye analipa kodi ya nyumba kama wengine, na mbu hamuulizi mtu ametoka wapi. Bwana afya alipuliza filimbi, wakaruka nyumba yetu, wakaendelea na zile za mbele mpaka mwisho wa safu. Nyumba zote zikanuka dawa isipokuwa ya katikati.

Siku chache tu baadaye kunguni wakaingia kwetu. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi tangu wakati huo. Kunguni ni mdudu wa kujificha, anaogopa mwanga, lakini hawa walitembea ukutani mchana kweupe. Walishuka kutoka kwenye boriti, walitoka kwenye nyufa. Mama alichemsha maji mpaka kuni zikaisha, akakopa kuni kwa fundi, akachemsha tena. Mikono yake ilibabuka. Wageni walianza kuhama, na walikohamia walieleza sababu.

Bwana afya akarudi, safari hii na askari. Aliingia vyumbani, akatoka ameshika blanketi kwa ncha za vidole viwili, akaliinua juu ili soko zima lione.

"Si mnaona? Kunguni wa Kongo hawa. Huyu mama ndiye anayewaleta."

Aliamuru vitanda vyote vitolewe. Askari waliviburuta mpaka katikati ya soko, wakavimwagia mafuta ya taa. Mama alisimama akitazama, mikono yake iliyobabuka ameifunga ndani ya kanga. Hakulia. Aliyelia ni fundi cherehani, alilia kwa sauti mpaka mke wake akaja kumshika. Mimi nilikuwa namwangalia bwana afya. Alikuwa anatabasamu, na alipotabasamu alijipangusa vumbi kwenye soksi. Nilisema moyoni, wewe, subiri tu.

Kuanzia siku ile mama yangu aliitwa Mama Kunguni. Watoto walimwimba. Wanawake waliokuwa wakimwazima kibiriti walianza kukipokelea mlangoni bila kuingia. Mwenye nyumba alimwachia chumba kimoja tu, kile kilichopakana na fundi, vingine akapangisha watu. Mama akaanza kuuza maharagwe. Alikwenda kuyanunua mashambani Kisinga kwa miguu, akayauza Bwera, na palikuwa na watu walioyachagua moja moja wakisema wanatafuta wadudu. Bwana afya alipandishwa cheo akahamishiwa Kasese, eti amesafisha mji wa mpakani.

Kilichoniuma si umaskini. Watu wengi walikuwa maskini. Kilichoniuma ni lile jina, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu msafi kuliko wote katika safu ile, na yeye mwenyewe alianza kuliamini. Niliporudi likizo nilimkuta anajinusa mikono. "Labda ni kweli, mutoto yangu," aliniambia. "Labda walitoka kwa mizigo, mimi sikuona muzuri." Niliondoka pale nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga mateke ukuta mpaka kidole kikavimba.

Niliingia chuo kikuu Kampala. Wenzangu waliosomea wadudu walichagua wa kahawa na pamba, maana huko ndiko serikali ilikoangalia. Mimi nikasema nataka kunguni. Mwalimu wangu, Mzungu mmoja mzee mwenye ndevu za njano kwa tumbaku, aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko yeye. Wanafunzi wakaniita Bibi Harusi wa Kunguni, na mimi nikawaacha waseme, kwani nilikuwa nimezoea majina mabaya kuliko hilo.

Kunguni wa maabara lazima wale, na chakula chao ni kimoja. Niliwafuga katika chupa zilizofungwa kwa kitambaa chepesi mdomoni, na nikawalisha kwa kuugeuzia mdomo wa chupa kwenye mkono wangu mwenyewe. Nilikaa pale nasoma kitabu huku wananinyonya. Alama zake ninazo mpaka leo. Wengine niliwatoa Bwera kwenyewe, kwenye nyumba za safu yetu, kwa sababu nilitaka wale wale.

Siku moja nilichukua karatasi, nusu nikaipaka DDT, nusu nikaiacha tupu, nikawaweka kunguni kwenye ile nusu yenye dawa. Nilitegemea wafe. Hawakufa. Walianza kuhangaika, wakakimbia huku na huku, kisha wote wakahamia upande usio na dawa, wakatulia. Nilirudia. Wakahama tena. Dawa ile haikuwaua. Iliwakera tu, nao wakatafuta mahali ambapo haikupulizwa.

Nilikaa chini sakafuni. Niliiona safu yetu yote, nyumba zimepulizwa kushoto na kulia, na ya mama yangu katikati imeachwa kwa sababu ni ya Wakongomani. Kunguni wa majirani wote walikuwa wametimuliwa kwenda kwa mtu mmoja, halafu huyo mtu akachomewa vitanda kwa ajili yao. Mwalimu aliingia akaona karatasi, akasema ni jambo la kuvutia sana. La kuvutia! Nilimwambia mama yangu ndiye aliyelipia, akanitazama asielewe, na sikumweleza.

Nilimweleza Mama mwenyewe, nilipokwenda likizo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weye unajua, na mimi sasa najua. Lakini watu ya soko beko wanajua?" Nikamwambia nitakwenda sokoni niwaambie. Akakataa. "Mutoto atasema tu mama yake ni musafi. Ni ule aliyesema, yeye ndiye aseme." Basi, nikajua kazi yangu ni ipi.

Nilimaliza masomo, nikawa mhadhiri, na nilifanya kazi yangu vizuri. Hilo hata maadui zangu wanakubali. Niliua mende wa mabweni, viroboto wa hospitali, mchwa waliokuwa wanakula paa la kanisa huku wanakwaya wanaimba. Niliua kwa raha. Wanafunzi wangu walidhani ni bidii ya sayansi. Mimi kila niliponyunyizia kitu nilikuwa naona soksi za bwana afya.

Katikati ya miaka ya sabini chuo kilinituma Kasese kuchunguza wadudu katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Enzi zile zilikuwa mbaya. Wahindi walikuwa wamefukuzwa na maduka yao kugawiwa watu, wanajeshi walikaa popote walipotaka, na mtu aliyewaudhi aliingizwa ndani ya buti la gari, na familia yake haikuuliza aliko. Nilikuwa nimekaa ukumbi wa reli napanga chupa zangu wakati mzee mmoja alipoingia ameshika kofia mkononi.

"Daktari wa wadudu ni wewe?"

Nilimtambua kabla hajamaliza. Soksi alikuwa ameziacha, lakini kidevu kilikuwa kile kile. Yeye hakunitambua. Kwake sisi tulikuwa Wakongomani tu, na mtu hakumbuki sura za watu asiowaangalia.

Alikuwa amestaafu, na katika ugawaji wa mali za Wahindi alikuwa amepata loji karibu na stesheni. Afande mmoja alikuwa anaishi kwenye chumba cha mwisho bila kulipa, na kunguni walikuwa wamemuuma. Afande amekwenda Kampala, atarudi Jumatatu. "Ameniambia akirudi akaumwa hata mara moja, nitapanda gari yake kwa nyuma," mzee alisema. "Daktari, nisaidie. Nina wajukuu."

Nikaenda naye siku ile ile, Jumatano. Loji ilijaa kunguni kweli, na nikaona kwamba vyumba vya wageni ndivyo vilivyokuwa na wengi, cha afande kilikuwa na wachache. Mzee alinionyesha dawa aliyokwishapata kwa rafiki yake wa zamani wa ofisini. DDT. Na bomba lile lile la mgongoni, au ndugu yake.

"Hii kazi naijua, nataka tu uniangalie," alisema, na uso ukaanza kurudia ukubwa wake wa zamani. "Nitapuliza vyumba vyote. Cha afande nitakiacha, yeye hapendi harufu."

Jamani. Nilishika fremu ya mlango. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nikitunga namna ya kumwadhibu, na sasa mtu mwenyewe alikuwa ananiletea, kwa mkono wake, kosa lile lile alilomfanyia mama yangu. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kunyamaza tu. Angepuliza vyumba vyote, kunguni wote wa loji wangehamia kwa afande, na Jumatatu afande angerudi.

Nilinyamaza. Akatafuta ndoo, akakoroga dawa, akaimimina kwenye bomba. Nilimtazama akifunga mikanda kifuani, na niseme wazi, nilifurahi. Lakini nilikumbuka Mama alivyosema. Mtu akishaingia kwenye buti la gari hasemi kitu sokoni.

"Vua hilo bomba," nikamwambia. "Kaa chini."

Alikaa juu ya kitanda. Nilimweleza kuhusu karatasi, nusu yenye dawa na nusu isiyo na dawa. Alikuwa bwana afya, alielewa upesi, na aliangalia kuelekea mlango wa chumba cha mwisho. Kisha nikamweleza kuhusu safu ya nyumba Bwera, na ile moja ya katikati. Hapo alichelewa kidogo. Nilingoja mpaka nikaona imemfikia.

"Wewe ni wa yule mama," alisema.

"Mimi ni wa yule mama. Ninaweza kukuondolea hawa kunguni Jumamosi na Jumapili, na afande atalala salama. Ijumaa ni siku ya soko Bwera. Utakwenda katikati ya soko, pale ulipowasha moto, na utasema kwa Kiswahili, ili Wakongomani nao wasikie, kwamba kunguni walitoka nyumba ulizopuliza na si kwa mama yangu. Usipokwenda, puliza hiyo dawa yako. Kunguni wako wamekwisha kulala ukutani, wangoje Jumatatu na wewe ungoje pamoja nao."

"Nitasema kwako hapa. Nitapiga magoti."

"Mimi sikuchomewa vitanda."

"Watanicheka, binti yangu."

"Ndiyo. Na mimi nitakuwepo. Na usiniite binti yako."

Ijumaa alikuja. Nilikuwa nimemweka Mama kwenye kigoda mbele ya maharagwe yake, na nilikuwa sijamwambia kitu, maana niliogopa mzee atakimbia. Alisimama katikati ya soko, akakohoa. Alianza kwa sauti ya chini kabisa. Mama akamtambua. Aliinuka, akamsogelea mpaka karibu.

"Sema kwa nguvu," alimwambia. "Siku ile ulisema kwa nguvu."

Akasema kwa nguvu. Alisema yote, filimbi, nyumba aliyoiruka, dawa iliyowatimua. Watu waliacha mizani zao. Wanawake wa mawese walifasiriana. Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na mzee akasimama ndani ya kile kicheko jasho linamtiririka. Nilijaa raha mpaka kooni. Nilitaka acheke hata mbuzi.

Halafu yule mzee, labda kwa sababu hakutaka kuchekwa peke yake, akanyoosha mkono kuelekea baraza la safu yetu.

"Mnanicheka mimi. Mimi sikuona, nilikuwa mjinga. Lakini huyu aliona. Siku ile kabla ya moto alinifuata akaniambia, bwana afya, hawa wadudu wanatoka kwangu, wanapita juu ya ukuta wanaingia kwa yule mama. Nikamwambia basi nichome na vitanda vyako. Akarudi nyumbani."

Alikuwa anamwonyesha fundi cherehani.

Kicheko kikaisha. Fundi alikuwa ameshika kitambaa chini ya sindano, na mguu wake bado uko kwenye pedali. Mama alivuka njia akasimama mbele ya cherehani.

"Ni kweli?"

Fundi hakuinua macho. "Ni kweli, dada. Nilikuwa na watoto."

"Mimi pia nilikuwa na mutoto," Mama akasema.

Fundi alimwomba msamaha pale pale, akainuka, akataka kushika mkono wake. Watu wa safu wakaanza kusema, mama, samehe, ni jirani, mmeishi wote. Mama aliurudisha mkono wake ndani ya kanga. "Hapana," alisema. Akarudi kwenye maharagwe yake, akampimia mteja aliyekuwa anangoja.

Mzee nilimtimizia ahadi. Nilikwenda Kasese, nikabomoa vitanda vyake, nikachemsha maji, nikafukiza kiberiti, nikaziba nyufa kwa udongo na chokaa, chumba cha afande kwanza. Aliishi, na sikumwonea huruma wala sikumchukia tena sana. Chuki yangu ilikuwa imehama, na hapo ilipohamia sikuwa nimejiandaa.

Ijumaa ile, kabla sijaondoka, tulikuwa chumbani na Mama, jua linazama. Fundi alikuja kukaa mlangoni kama kila jioni. Tulisikia kigoda chake, tukasikia anakohoa. "Dada," aliita. "Dada, uko?" Birika lilikuwa linachemka na harufu ya chai ilikuwa inamfikia. Niliinuka niende nimtukane. Mama alinivuta nguo nikakaa, akamimina chai vikombe viwili, na tukanywa polepole bila kusema neno, mpaka tukamsikia anabeba kigoda chake na kuondoka.